Kocha Akija Sebuleni

Hotuba kwa wazazi wa vijana wanaocheza futiboli ya Kimarekani, Fort Worth, Texas

Wazee wangu, shikamooni. Baba zangu, mama zangu, wachungaji, hamjambo. Na nyinyi vijana mliotolewa kitandani kwa nguvu Jumamosi asubuhi, poleni, ila habari hii ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ndani. Nitajitahidi kusema kwa ufupi. Najua jikoni kuna sombe na wali, na mimi nimekuja bila kula, kwa makusudi.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja: kijana akiitwa na vyuo kucheza futiboli, nani achague chuo? Wengi wenu mmenipigia simu mkaniambia, "Mwalimu, mimi huo mchezo siujui. Mpira wanaushika mikononi halafu wanauita wa miguu. Kocha wake anajua, yeye mwenyewe anajua, sisi tutaweka saini tu." Kauli hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Makocha wa vyuo hawamsajili kijana peke yake, wanaisajili nyumba nzima. Wakishaona video mbili tatu za mtoto, wanaanza kuulizia mwenye kauli pale nyumbani ni nani, na mara nyingi wanaambiwa ni mama. Watalijua jina lake, zamu yake ya kazi na kanisa analosali. Wewe unayesema "mimi simo" tayari umo kwenye daftari lao. Afadhali ujue umeandikwaje.

Tuanzie Florida, Februari 2013. Kuna kijana aliitwa Alex Collins, hodari wa kukimbia na mpira, wa sekondari ya South Plantation, karibu na Fort Lauderdale. Alitangaza kwamba anakwenda chuo cha Arkansas, zaidi ya maili 1,000 kutoka kwao, wakati chuo cha Miami kiko pale pale jirani. Mama yake hakuafiki. Siku zile kulikuwa na barua maalumu ya kitaifa ya kujiunga na chuo, na mchezaji aliye chini ya miaka 21 hakuweza kuisaini peke yake. Lazima mzazi au mlezi naye atie saini. Jumatano ya kusaini ikafika, kamera zikajaa shuleni, saini ya mama haikupatikana. Magazeti yakaandika kwamba ameondoka na karatasi. Kesho yake baba akasaini, kijana akaenda Arkansas. Kule alikimbia na mpira zaidi ya yadi 1,000 kila msimu kwa misimu mitatu, na mwaka 2016 akachukuliwa na Seattle Seahawks, timu ya NFL, ligi ya kulipwa. Alifariki kwa ajali ya pikipiki Agosti 2023 akiwa na miaka 28, Mungu amrehemu.

Yule mama alichekwa nchi nzima. Mimi sikumcheka, na siwezi. Mwanamke amelea mtoto, anataka ampate Jumapili, amwone akiumia, ampelekee chakula. Kuna ubaya gani hapo? Umbali ni jambo la kupimwa sawasawa na ukubwa wa uwanja. Shida ni kwamba neno zito kama lile lilifika siku ya mwisho, mbele ya kamera, wakati mtoto ameshawapa watu wengine ahadi.

Na hakuwa wa kwanza. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 2012, Landon Collins wa Geismar, Louisiana, alikaa mbele ya televisheni ya taifa zima, mama yake ubavuni, akachagua Alabama. Alabama na LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, walikuwa wanakutana siku chache baadaye kwenye fainali ya ubingwa. Mtu wa Louisiana kuchagua Alabama wiki ile! Uso wa mama ulikunjika, nchi nzima ikauona, na alipopewa nafasi ya kusema akasema wazi kwamba yeye bado ni wa LSU. Kijana alifanikiwa, akatwaa ubingwa na Alabama msimu uliofuata, na 2015 New York Giants wakamchukua raundi ya pili. Halafu Februari 2018, Pensacola, Jacob Copeland akachagua Florida. Mama yake alikuwa amevaa nguo ya Alabama na kofia ya Tennessee. Akainuka akaondoka mezani mtoto akiwa bado anaongea. Alirudi baadaye akamkumbatia, hilo watu hawalisemi sana.

Mimi ninachojiuliza kwenye visa hivyo vyote ni kimoja: meza ya nyumbani ilikuwa wapi? Miezi yote ile ya simu, barua na safari, hawa watu hawakukaa wakaambiana ukweli? Au walikaa, na kila mmoja akatoka akidhani mwenzake amelegea? Kwetu hili la pili ndilo linalotokea. Baba akinyamaza, mtoto anaelewa amekubali. Baba anaelewa amekataa.

Sasa wapo waliofanya kwa namna nyingine. Ukoo wa Manning wengi mmeusikia hata kama hamfuatilii mchezo. Babu, Archie, alikuwa nyota wa Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, na bibi alisoma hapo hapo. Mwaka 1994 mtoto wao Peyton alikuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anayetafutwa nchi nzima, na watu wa Mississippi walishahesabu kwamba huyo ni wao. Akachagua Tennessee. Watu wakamkasirikia baba: kwa nini hakumwamuru mwanawe? Archie alikuwa na uwezo wa kuamuru, na hakuamuru. Miaka mitano baadaye mdogo wake, Eli, akaenda Ole Miss kwa hiari yake. Kisha akaja mjukuu, Arch, aliyesoma sekondari New Orleans. Huyo angeweza kujaza viwanja kwa kutangaza tu chuo. Familia ikafunga mlango: hakuna mahojiano, hakuna majigambo mtandaoni, makocha wapitie kwa kocha wa shule na kwa wazazi. Juni 2022 akaandika mstari mmoja kwamba anakwenda Texas, basi. Si Ole Miss ya babu wala Tennessee ya baba mdogo. Alipofika chuoni hapo, mjini Austin, akakaa nyuma ya kwotabeki Quinn Ewers msimu wa 2023 na wa 2024, akianza mechi mbili tu Ewers alipoumia, na hakuhama, wakati wenzake wa rika lake walikuwa wanahamahama kila Januari. Mtoto wa miaka 19 hakai benchi miaka miwili bila mtu nyumbani wa kumwambia tulia.

Mtaniambia, Mwalimu, hao ni matajiri, wamezaliwa ndani ya mchezo. Ni kweli. Wao hawakuhitaji ule ufadhili, na mtu asiye na njaa anachagua vizuri zaidi. Basi tuje kwetu.

Niliwahi kukaa kwenye sebule moja ya hapa mjini, familia ya watu wa Uvira waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mambo machache nayabadilisha ili wasijulikane. Kocha wa chuo ameketi kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe vya kufuma, mtu mkubwa, magoti yamefika kifuani. Mama ameleta chai ya maziwa na mandazi, kocha amekula manne na kila moja amelisifu. Baba ametoka zamu ya usiku ghalani, macho mekundu. Kijana amekaa katikati, ndiye anayetafsiri. Kocha akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba nafasi kwenye timu ipo, mwaka wa kwanza familia italipa ada yenyewe, halafu wataangalia. Kijana akamgeukia baba: "Anasema nafasi ipo, mambo ya ada yatakaa sawa." Baba akatabasamu, akampa kocha mkono.

Nilisubiri nione kama kijana ataongeza neno. Hakuongeza. Nikamwambia baba kwa Kiswahili, kwa heshima, "Mzee, muulize mwaka wa kwanza nani analipa." Akauliza mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha ghalani, na kocha akamjibu bila kuficha chochote: nyinyi. Kocha hakudanganya. Kijana naye simwiti mwongo. Alikuwa na miaka 17, anautaka ule uwanja, akasikia alichotaka kusikia. Aliyekosea ni mkubwa aliyemwachia mtoto kuwa mkalimani wa mkataba wake mwenyewe. Msifanye hivyo. Wilaya ya shule inatakiwa kisheria kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo ongeeni na mshauri wa shule muombe mkalimani. Akikosekana, mleteni mtu mzima wa kanisani asiye na maslahi. Hata mimi niiteni, na mandazi yawepo.

Tuelewane hapo hapo kuhusu ofa, maana vijana wanazitangaza mtandaoni kama harusi. Kocha akimwambia mwanao kwa simu "tunakutaka", hayo ni maneno. Ofa ya maandishi ya ufadhili wa futiboli haitolewi kabla ya tarehe 1 Agosti ya kuingia mwaka wa mwisho wa sekondari, na haijawa mali yako mpaka isainiwe, mwanzoni mwa Desemba kwa wengi, au Februari kwa waliochelewa. Ile barua ya kitaifa niliyoitaja ilifutwa Oktoba 2024, sasa kinachosainiwa ni makubaliano ya msaada wa fedha. Na mtoto ambaye hajafika miaka 18 bado anahitaji kalamu yenu. Katika NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, vyuo vya daraja la tatu, la chini kabisa, hata vikimpenda namna gani, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Vinaweza kumpa msaada mwingine wa masomo, na wakati mwingine ni mzuri. Ulizeni ni upi.

Sisi watu wa posa tunalijua hili zoezi kuliko Wamarekani. Mshenga akija na maneno matamu, hatumkatalii chai, tunamkaribisha. Akishaondoka, tunatuma watu kimya kimya: ule ukoo ukoje, walioolewa pale wanaishije? Fanyeni vivyo hivyo. Mtafuteni mzazi ambaye mwanawe alicheza chuo hicho na hakuwa nyota, yule wa benchi, yule aliyevunjika goti mwaka wa pili. Muulizeni kocha aliendelea kumpigia simu? Alimaliza digrii? Nyota watasifia chuo chochote. Na kocha mwenyewe akiwa mbele yenu muulizeni wachezaji wangapi wa nafasi ya mwanangu umeshawachukua mwaka huu, na wangapi umewaleta kutoka vyuo vingine. Muulizeni mtoto akiumia bili analipa nani; vyuo vya daraja la kwanza, tangu Agosti 2024, vinatakiwa kugharamia matibabu ya majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kuondoka, kwa hiyo atakayejibu kwa kuzungukazunguka ana sababu yake.

Halafu lipo swali ambalo mama zetu wanaona aibu kuliuliza: na wewe kocha, utakuwepo? Mnamkabidhi mtoto kwa sababu ya mtu huyu mcheshi aliyekula mandazi. Brian Kelly aliiacha Notre Dame mwishoni mwa Novemba 2021 akaenda LSU. Nick Saban wa Alabama, ambaye wazazi wengi walimpa watoto wao kwa jina lake tu, alistaafu Januari 2024. Sisemi walikosea, ni kazi na kila mtu ana kazi yake. Nasema mtoto achague mahali ambapo angebaki hata kocha akiondoka kesho.

Fedha. Hapa naomba vijana mniruhusu niongee na wakubwa peke yao, ingawa najua mtasikiliza.

Zamani mzazi aliyeomba fedha alimchoma mwanawe. Mwaka 2010 uchunguzi ulikuta kwamba baba wa Cam Newton alizungumza habari ya malipo ili mwanawe aende Mississippi State. Kijana akaenda Auburn, akacheza, akabeba ubingwa na tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, kwa sababu haikuonekana kwamba alijua. Lakini msimu wote jina lake lilikuwa mdomoni mwa watu, na baba akawekewa mipaka ya kukaribia timu. Reggie Bush wa USC, chuo cha Los Angeles, familia yake iliishi kwenye nyumba iliyotolewa na watu waliotaka kuwa mawakala wake. Chuo kikafungiwa mechi za mwisho wa msimu kwa miaka miwili na kunyang'anywa nafasi 30 za ufadhili, na yeye akairudisha Heisman. Walimrejeshea mwaka 2024, kwa sababu dunia ilikuwa imeshageuka: tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025, baada ya Jaji Claudia Wilken kuidhinisha makubaliano ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, iitwayo House, chuo chenyewe kinaweza kumlipa moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kizima, michezo yote.

Ndiyo maana sasa kuna mjomba wa ghafla. Hamkumwona kwenye msiba, hamkumwona mlipohamia, leo anajua idadi ya mateke na vikumbo vya mtoto, na ana "rafiki anayeshughulika na mikataba". Mjomba huyo mpeni chai, karatasi msimpe. Karatasi apewe mwanasheria anayelipwa kwa saa, si kwa asilimia ya mtoto. Fedha hizo zinakatwa kodi, na mwaka wa kwanza familia nyingi zinalijua hilo Aprili, zikiwa zimeshatumwa Uvira, Kigoma na Bujumbura kujenga. Na jambo la hadhi ya ukaaji: mwenye kadi ya kijani au aliyepokelewa kama mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi, lakini aliye hapa kwa viza ya mwanafunzi, ile F-1, kazi zake zimebanwa sana, na hundi moja ya tangazo inaweza kumletea matatizo. Huyo aanze kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kupiga hata picha.

Sitawakataza kutamani. Kuna kijana anaitwa Kwity Paye. Mama yake, Mliberia, alimzaa akiwa mkimbizi nchini Guinea, akawaleta wanawe Rhode Island, akafanya kazi za kuchosha ili kumlipia shule ya kanisa. Akacheza Michigan, na usiku wa 2021 alipochukuliwa na Indianapolis Colts raundi ya kwanza alisema mama yake amemaliza kufanya kazi. Nani hapa hajalia kwa habari kama hiyo? Mimi nililia. Ila hesabu ya NCAA wenyewe inasema wachezaji wa futiboli wa vyuo wanaoingia NFL ni kama 1.6 kati ya 100. Humu ndani tuko wangapi? Mtoto anayebebeshwa nyumba ya ukoo mzima mgongoni ataficha jeraha. Atagongwa kichwa, aone nyota, na aseme niko sawa, kwa sababu bibi anasubiri bati. Mkimtaka achague vizuri, mwambieni kabla hajachagua kwamba bati la bibi si kazi yake.

Na akina baba, niseme hili kwa upole. Wapo kati yetu waliocheza mpira, ule wa kwetu, wakakatishwa na vita au na umaskini. Mtoto anapoitwa na chuo kikubwa, baba anaitwa naye. Najua. Lakini nimeona baba akikataa chuo kidogo chenye ufadhili kamili na mwanawe akikitaka, kwa sababu jina lake halijulikani kazini kwake. Mpeni mtoto haki ya kuchagua kitu ambacho hamwezi kujisifia ghalani.

Haki ya familia ni kuuliza, kusema tunachoogopa, na kukataa jambo la hatari. Mkataba usioeleweka ni wa kukataa. Chuo chenye rangi mbaya ya jezi si cha kukataa. Semeni yote hayo kabla ya Agosti ya mwaka wa mwisho, mkiwa wenyewe, simu zimezimwa. Siku ya kusaini vaeni kofia ya chuo alichochagua, mpige picha, mrudi kazini.

La mwisho ni la karatasi, nalo ndilo linalowaangusha watoto wetu kuliko kasi au uzito. Ili acheze daraja la kwanza mtoto anahitaji masomo 16 ya msingi, kuanzia darasa la tisa, kwa wastani usiopungua 2.3, na kumi kati ya hayo yawe yamekwisha kabla ya mwaka wa mwisho kuanza. Mtihani wa SAT haudaiwi tena na NCAA tangu 2023, lakini rekodi za masomo zinadaiwa, pamoja na zile za nje. Aliyeanza sekondari Nyarugusu, Kakuma au Bujumbura atahitaji matokeo ya tangu mwaka wake wa tisa wa masomo, katika lugha yaliyoandikwa, na tafsiri ya Kiingereza juu yake. Kuyapata kwa barua pepe ni bahati, mara nyingi lazima mtu aende kwa miguu akasimame mlangoni kwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo wenye watoto wa darasa la tisa na la kumi msiondoke baada ya chakula. Nina daftari hapa, tuandike shule ya kila mtoto na mwaka alioondoka, na tujue nani bado ana ndugu Kigoma wa kumtuma kabla mvua hazijaanza.